Picha za mandhari Dodoma: anza na mbuyu ulio karibu na kwenu

Wengi wanaoniomba niwafundishe kupiga picha za mandhari huanza kwa kuulizia gharama za kwenda Serengeti au Kilimanjaro. Mimi nami huwauliza: mbuyu ulio karibu na kwenu uko wapi? Mtu wa Dodoma hakosi jibu. Uko nyuma ya shule, uko njia panda ya kwenda kisimani, uko katikati ya shamba la uwele la mjomba. Basi kazi inaanzia hapo.

Mgeni anayefika mahali mara moja hupiga alichokikuta. Akikuta jua liko utosini, anapiga hivyo hivyo; akikuta vumbi limetanda, ndiyo picha yake hiyo. Mwenyeji ana uwezo ambao mgeni hana, nao ni kurudi. Anarudi kesho, anarudi wiki ijayo, anarudi baada ya mvua ya kwanza. Kila hatua nitakayoeleza hapa inategemea huko kurudi.

Kuchagua mahali

Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu yako na utazame eneo unaloweza kulifikia kwa mguu, baiskeli au bodaboda ndani ya nusu saa. Huo umbali usiuone mdogo. Picha nzuri za huku kwetu hupigwa kabla jua halijapanda, kwa hiyo mahali pa mwendo wa saa mbili pana maana ya kuamka usiku wa manane, na utapaendea mara moja au mbili kwa mwaka. Pa nusu saa utapaendea kila Jumamosi.

Tafuta mahali penye kitu kimoja chenye umbo la kueleweka kwa mbali: mbuyu, mwamba, mgunga uliosimama peke yake. Kuwe na uwazi wa kukuwezesha kurudi nyuma hatua mia moja bila kugonga ukuta wa mtu. Na upande wa mashariki au wa magharibi uwe wazi, mwanga wa chini upite.

Kwa anayekaa mjini, vilima vya mawe vya upande wa Ntyuka na Iyumbu viko karibu. Makutupora, Mpunguzi na Mbabala kuna mashamba ya zabibu, ambayo mistari yake huliongoza jicho ndani ya picha bila wewe kuhangaika. Hombolo kuna bwawa, na maji hayo yakitulia alfajiri hukupa mbingu mara mbili. Mvumi kuna mibuyu mikubwa.

Mawe yetu nayo yanastahili neno. Matale haya, mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana kama vyungu, ni miamba ya zamani sana, mingi ikiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba ulipasuka kwa mistari ukiwa bado chini ya udongo, maji yakapenya kwenye nyufa na kula pembe zake, kisha udongo ukachukuliwa na mvua, yakabaki matale peke yake. Mpiga picha anahitaji kulijua hili kwa sababu uzuri wa mwamba wa namna hiyo uko kwenye nyufa na mikunjo yake, na nyufa huonekana pale tu mwanga unapokuja kwa ubavu. Mwanga ukitoka nyuma yako moja kwa moja, jiwe hilo huonekana kama gunia.

Safari ya kwanza nenda bila kamera. Nenda mchana, saa ambayo huna la kupiga, uzunguke mti au mwamba wako wote. Mbuyu wangu uko upande wa Mvumi, na nilikuwa nimeshaupiga mara nne kutokea barabarani ndipo nikazunguka upande wa kusini na kukuta shina limefunguka kama mlango wa nyumba. Picha ninayoipenda kuliko zote za mti ule nimeipigia upande huo. Angalia pia kilicho nyuma: nguzo za umeme, mnara wa simu, bati jipya linalong'aa. Mara nyingi ukisogea hatua tatu tu, nguzo inajificha nyuma ya shina.

Jua letu lina tabia yake

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa mafunzo mengi ya picha yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini. Wanasema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Kwao ni kweli, maana jua lao hupanda kwa mshazari, polepole. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Ule mwanga laini wa rangi ya asali unao kwa dakika 25 au 30 tu, kisha umekwisha. Ukichelewa kwa sababu dereva wa bodaboda alikuwa anatafuta mafuta, asubuhi hiyo imepita.

Kipimo changu ni ngumi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, uweke chini yake kwenye upeo wa macho. Ngumi moja ni nyuzi 10 hivi, yaani dakika 40 za mwendo wa jua. Jua likifika juu ya ngumi, mimi hufunga begi, na jioni likishuka usawa wa ngumi niwe nimeshasimama mahali pangu tayari. Usiweke jicho lako kwenye jua lenyewe.

Kwa mwaka mzima jua la Dodoma huchomoza kati ya saa 12:10 asubuhi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12:50, katikati ya Julai. Huzama kati ya saa 12:28 jioni, mwezi Mei, na saa 1 kamili, mwanzoni mwa Februari. Utusitusi kabla ya kuchomoza na baada ya kuzama hauzidi sana dakika 20 kabla giza halijawa giza.

Jambo la pili ni mahali jua linapochomozea. Mwezi Juni huchomoza nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa mashariki, Desemba kiasi hicho hicho kusini mwa mashariki. Tofauti yake ni karibu ngumi tano kwenye upeo wa macho. Kama leo jua limezama katikati ya matawi ya mbuyu wako, baada ya miezi mitatu huenda likazama kando kabisa, na utatakiwa kusimama kwingine ili ulipate tena. Weka kijiti au jiwe pale ulipokuwa umesimama, uandike tarehe. Ziko programu za simu zinazochora njia ya jua juu ya ramani, nazo zinafaa, lakini kijiti hakiishiwi chaji.

Mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, jua la mchana hupita juu ya vichwa vyetu hasa, na nguzo iliyonyooka haina kivuli. Siku hizo na majirani zake mchana ni wa kupumzika.

Mwaka mmoja, mahali pamoja

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi. Kwa mkulima ni kidogo. Kwa mpiga picha ina maana kwamba ardhi ile ile hubadilika sura kabisa.

Wakati wa mvua mibuyu ina majani, nyasi zimeota hadi kwenye nyufa za mawe, na baada ya manyunyu hewa huoshwa vumbi lote. Saa moja baada ya mvua ya alasiri, wingu likiwa limepasuka upande wa magharibi, utaona milima ya mbali ambayo hukujua kama ipo. Beba filta ya polaraiza kama unayo. Ukiizungusha taratibu inaondoa mng'ao kwenye majani mabichi na mawe yaliyolowa. Ila kuna hatari mbili. Radi: ukiona mwanga, hesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10, shuka mlimani, ondoka chini ya mti, ingia kwenye gari au nyumba. Na makorongo: mto wa mchanga mkavu unaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona. Usiweke stendi katikati ya korongo wingu likiwa jeusi upande wa juu.

Machi na Aprili alizeti huchanua. Likishakomaa, ua la alizeti hutazama mashariki siku nzima, haligeuki tena. Kwa hiyo shamba la alizeti ni kazi ya asubuhi: ukiwa upande wa mashariki wa shamba, jua mgongoni, maua yote yanakutazama wewe. Jioni utapata migongo yake, nayo ikipitiwa na mwanga kwa nyuma ina uzuri wa aina nyingine.

Mei hadi Julai ni mavuno ya uwele na mtama, anga safi, asubuhi za baridi ya kuvaa sweta mbili. Mwanga ni mzuri lakini mbingu ni tupu, haina wingu hata moja. Mimi hapo hupunguza mbingu kwenye picha. Upeo wa macho naupandisha juu, na ardhi inachukua sehemu kubwa.

Kisha Agosti hadi Oktoba, upepo na vumbi. Wenzangu wengi hufungia kamera ndani kipindi hiki, nami nadhani wanakosea sana. Vumbi likiwa hewani, vilima hujipanga kwa tabaka, cha karibu cheusi, cha pili kijivu, cha tatu karibu kipotee. Jua la jioni hugeuka duara jekundu ambalo kamera inalimudu. Mbuyu nao hauna jani hata moja, na ndipo umbo lake linapoonekana lote, kila tawi na mahali lilipokunjia. Tumia lenzi ya kuvuta, milimita 100 hadi 200, usimame mbali. Vumbi lisiingie ndani ya kamera tu: usibadilishe lenzi ukiwa kwenye upepo, na lililokwisha kutua kwenye kioo lipulizwe kwanza kwa kipulizio kabla ya kufuta. Ukifuta kwa khanga moja kwa moja, chembe za mchanga zinachora kioo.

Oktoba hadi Desemba mbuyu huchanua, maua makubwa meupe yanayofunguka jua likizama na kuanguka kesho yake. Kaa chini yake saa 12 na nusu jioni utazame. Popo huja wenyewe.

Vifaa

Simu yenye kamera ya kawaida inatosha kuanzia. Futa kioo chake, washa mistari ya gridi, usikuze kwa vidole viwili bali sogea kwa miguu. Gusa mahali penye mwanga mkali, shikilia hadi fokasi (ukali wa picha) na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Ukiwa na kamera yenye lenzi ya milimita 18–55 ile inayokuja nayo, inatosha pia. Kitu cha kwanza cha kununua baada ya hapo ni stendi ya miguu mitatu, na ikiwa nyepesi sana itundikie mfuko wa mchanga katikati, upepo wetu si wa mchezo. Tochi ya kichwani, maji, viatu vya kufunika. Lenzi za gharama kubwa zingoje.

Asubuhi yenyewe, hatua kwa hatua

Tuseme ni Julai na jua litachomoza saa 12:48. Fika saa 12 kamili. Jana yake ulishamwambia mtu wa nyumbani unakwenda wapi, na dereva wa bodaboda mlishakubaliana muda wa kurudi.

Mulika unapokanyaga. Miambani kuna nyoka, na kwenye matundu ya mbuyu mara nyingi kuna nyuki, wengine wa mizinga iliyotundikwa na wenyewe. Usipulize manukato asubuhi hiyo.

Kabla ya kufungua stendi, tembea na simu mkononi utafute picha. Chuchumaa. Urefu wa macho yako ndio urefu ambao kila mtu ameshauona mti huo. Tafuta kitu cha karibu cha kuweka mbele: mzizi, jiwe lenye kuvu, tuta la shamba, nyayo za ng'ombe kwenye tope lililokauka. Ukishapata, hapo ndipo stendi inapokaa, usawa wa goti au chini zaidi.

Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 100, na tundu la lenzi liwe f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo). Kwa kamera ya kihisi kidogo, kama hizo za lenzi ya 18–55, na lenzi ikiwa kwenye milimita 18, lenga fokasi kwenye kitu kilicho mita moja na nusu kutoka ulipo, yaani hatua mbili fupi. Vyote kuanzia sentimita 75 hadi upeoni vitatoka vikali. Kisha zima fokasi ya kujiendesha ili isihame. Tumia taima ya sekunde 2, mkono wako usiitikise kamera. Piga faili ghafi, RAW, kama kamera inaruhusu.

Kuanzia saa 12:25 hivi kuna mwanga wa kuanza kupiga. Shata, yaani muda kamera inaobaki wazi, itakuwa ya sekunde kadhaa, usiogope. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, kila baada ya picha chache: mlima wake usigonge ukuta wa kulia, kwa maana mbingu iliyoungua hairudi, ilhali kivuli kizito kinaweza kuinuliwa baadaye.

Katika dakika hizo geuka nyuma. Nasisitiza, geuka. Upande wa magharibi, kinyume cha jua, kuna ukanda wa buluu ya kijivu chini na waridi juu yake. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia angani, na kinashuka kadiri jua linavyokuja. Mbuyu ukiwa mbele ya rangi hizo una upole ambao machweo hayana. Nimekaa miaka bila kuiona picha hiyo kwa sababu wote tulikuwa tumeelekea mashariki.

Jua likichungulia, funga tundu hadi f/16, na uliache lipenye ukingoni mwa tawi. Litatoa miale ya nyota. Piga tatu au nne, kisha hama. Nenda mahali ambapo jua liko begani kwako, ubavuni, upige shina na mwamba vikipigwa na mwanga wa kando. Dakika hizi kumi na tano ndizo zenye nyufa, mikwaruzo ya ndovu wa zamani kama ipo, mapele ya gome. Sogea karibu. Kisha simama mbali. Ngumi moja ikitimia, nenda kanywe chai.

Wenye mahali

Mti ulio shambani una mwenyewe, na mwamba ulio porini mara nyingi pia una wenyewe. Mkute mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji siku ile ya kwanza ya bila kamera. Wazee waamkie shikamoo. Ukitia na "mbukwenyi" ya Kigogo, nyuso hufunguka. Kuna mibuyu na mawe ambayo watu hufanyia matambiko au yenye makaburi karibu, na hakuna kibao kitakachokuambia. Atakuambia mzee.

Mzee mmoja alinikuta nimelala kifudifudi nikipiga mbuyu shambani kwake. Nikainuka, nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeona nini huko chini?"

"Naupiga mti, babu."

"Njoo jioni usimame pale kwenye mchicha. Kivuli chake kinafika hadi mlangoni kwangu."

Nilikwenda. Kivuli kilivuka shamba lote kikaishia kizingitini. Picha ile niliisafisha studio nikampelekea ya karatasi, na tangu hapo sina mahali pa kubisha hodi mara mbili. Wapelekee watu picha zao na za mashamba yao. Si hisani, ni haki yao.

Usielekeze kamera Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi, magereza wala mitambo ya ulinzi. Droni haipandishwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Usiku

Kwa ufupi: Juni hadi Septemba, usiku usio na mwezi, kilomita ishirini kutoka taa za mji, kitovu cha Njia Nyeupe ya nyota (Milky Way) hupita juu sana kichwani, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai karibu saa 6 usiku, Agosti mapema zaidi. Kwa lenzi ya milimita 18, tundu wazi kabisa, ISO 3200, sekunde 18. Zaidi ya hapo nyota zinakuwa vistari. Usiende peke yako, fisi wapo. Kama unataka mwezi mpevu pamoja na mbuyu, piga siku moja kabla ya mwezi kutimia, kwani jioni hiyo mwezi huchomoza jua likiwa bado halijazama na ardhi ina mwanga.

Kuihariri picha

Programu ya Snapseed au Lightroom ya simu inatosha. Nyoosha upeo wa macho kwanza. Shusha sehemu zenye mwanga mkali, inua vivuli kidogo, kata pembeni vitu vinavyovuta jicho bure. Kisha acha. Udongo wetu wa Dodoma ni mwekundu mahali pengine na wa kijivu mahali pengine. Ukivuta rangi hadi kila kitu kiwe chungwa, umefuta tofauti ya Mpunguzi na Bahi. Siku ya pili itazame tena kabla hujamtumia mtu.

Ukitaka kwenda mbele kidogo

Baada ya miezi kadhaa ya mbuyu wako, jicho litakuwa tayari kwa safari. Barabara ya Manyoni, ukishaipita Bahi, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Simama juu, asubuhi, utazame mashariki tambarare iliyo chini ikiwa na ukungu wa vumbi. Mtera, kwenye barabara ya Iringa, kuna maji mapana na wavuvi. Kolo, kaskazini mwa Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lipa kiingilio, nenda na mwongozaji, usiguse wala kumwagia maji michoro ili ing'ae, na ukumbuke kwamba baadhi ya mapango hayo bado yanafanyiwa matambiko. Pale mwamba wenyewe na bonde lililo mbele yake ni picha tosha.

Kila ukirudi, weka faili kwa jina la mahali, tarehe na saa. Mwezi ukiisha chagua picha moja tu ya mahali pako, isafishe kwa karatasi, uandike nyuma yake ulisimama wapi na jua lilikuwa ngumi ngapi. Yangu ya Februari bado sijaipata. Mwaka jana barabara ilikatika, mwaka huu niliumwa. Kijiti kipo pale pale, upande wa kusini wa shina.